Chupa ya hewa ukaa iliyopata joto kwa sababu nyingine: kisa cha klabu moja ya sayansi

Usuli

Shule ni ya sekondari ya kata, kanda ya kati ya Tanzania, mahali palipoinuka zaidi ya mita elfu moja kutoka usawa wa bahari. Jina lake, wilaya na mwaka vimeondolewa. Klabu ya sayansi ilikuwa chini ya mwalimu wa fizikia, ambaye wanafunzi wake wa Kidato cha Pili na cha Tatu walimwita Madam. Wiki tano kabla ya maonyesho ya sayansi, klabu ilichagua mada ya ongezeko la joto duniani na ikachukua jaribio linalofahamika sana: chupa mbili zinawekwa juani, moja ina hewa ya kawaida, nyingine ina hewa ukaa, yaani kaboni dayoksaidi, na kila moja ina kipimajoto. Ya hewa ukaa ikipanda joto zaidi, inasemwa kwamba athari ya gesijoto, yaani gesi za angani kumeza joto linalotoka ardhini na kulirudisha, imeonekana kwa macho.

Jaribio hili hufanywa katika shule za nchi nyingi. Kasoro yake haionekani mpaka mtu aongeze chupa ya tatu, na klabu hii iliiongeza.

Vifaa vilikuwa vya kawaida: chupa za plastiki za maji za lita 1.5 zilizokatwa shingo, vipimajoto vya spiriti vyenye alama kila nyuzi 1, siki, na baikaboneti ya sodiamu ya kuokea keki. Mwongozo ulitaka balbu ya wati 100. Madukani zilikuwepo taa za LED tu, na hizo hutoa mionzi ya joto kidogo mno kwa kazi hii, kwa hiyo klabu ilitumia jua. Ilikuwa kipupwe, jua kali na upepo mwingi.

Yaliyotokea

Mara ya kwanza wanafunzi walimimina siki ndani ya chupa yenyewe, wakatia baikaboneti, povu likapanda na kutulia, kipimajoto kikaning'inizwa. Baada ya nusu saa juani, chupa ya hewa ukaa ilikuwa *chini* ya mwenzake kwa nyuzi 3. Mwanafunzi mmoja akauliza, "Madam, kwa hiyo hewa ukaa inapoza?" Swali lilikuwa la haki. Mmenyuko wa siki na baikaboneti hufyonza joto. Ukigusa chupa unauhisi ubaridi mkononi. Zaidi ya hapo, chupa moja ilikuwa na maji ya siki chini yake na nyingine kavu. Maji yanahitaji joto jingi kupanda nyuzi moja, na sehemu yake huvukiza na kupoza zaidi. Walichokuwa wamelinganisha ni chupa yenye maji baridi na chupa isiyo na maji.

Mara ya pili gesi ilitengenezwa kwenye chupa ya pembeni na kupitishwa kwa mpira wa dripu hadi chini kabisa ya chupa ya jaribio. Vipimo hapa ni vya kuzingatia. Gramu 84 za baikaboneti zikimenyuka zote hutoa zaidi ya lita 24 za gesi. Kujaza lita 1.5 kwa hesabu ya karatasi kunahitaji gramu 5 hivi, sawa na kijiko cha chai kilichosawazishwa, pamoja na mililita 75 za siki ya asilimia 5. Lakini gesi inayoingia huchanganyika na hewa iliyomo, kwa hiyo kusafisha chupa vizuri kunataka mara tatu ya hapo: vijiko vitatu na mililita 225. Klabu ilihakiki kwa njiti ya kiberiti. Ikizimika kwenye mdomo wa chupa, gesi imefika juu.

Safari hii chupa ya hewa ukaa iliongoza kwa nyuzi 2. Mwalimu aliridhika, wanafunzi walishangilia, bango likaanza kuchorwa.

Aliyevuruga mambo ni mwanafunzi wa Kidato cha Pili aliyepewa kazi ya kuosha vipimajoto. Aliviweka viwili vilivyotumika kwenye ndoo moja ya maji na kuona kwamba vinatofautiana kwa nyuzi 1. Nusu ya ushindi wao huenda ilikuwa ya kipimajoto! Walirudia wakiwa wamebadilishana vipimajoto, kisha wakabadilishana nafasi za chupa, kwa sababu moja ilikuwa karibu zaidi na ukuta uliopakwa chokaa, nao ukuta mweupe huongeza mwanga. Baada ya marudio sita na masahihisho, tofauti ilibaki, lakini ilikuwa imepungua hadi nyuzi 1 na nusu hivi. Ilikuwa ya kweli. Swali lilikuwa inatoka wapi.

Mwalimu alikumbuka kwamba gesi ya kuchomelea alumini ni agoni. Agoni ni gesi ya atomu mojamoja. Haimezi mionzi ya joto hata kidogo, kwa hiyo haiwezi kuwa gesijoto. Lakini kwa sifa nyingine inaikaribia sana hewa ukaa. Kwenye nyuzi 25 na shinikizo la usawa wa bahari, lita moja ya hewa ya kawaida ina gramu 1.18, ya agoni gramu 1.63, ya hewa ukaa gramu 1.80. Uwezo wa kupitisha joto nao: hewa 0.026, agoni 0.018, hewa ukaa 0.017, kwa wati kwa mita kwa nyuzi. Ni pacha wa hewa ukaa asiye na sifa ile moja tu inayochunguzwa.

Fundi wa kuchomelea aliyekuwa mjini alikubali kuwajazia maputo. Alifungua mtungi mwenyewe, kwa mkondo mdogo, nje ya karakana. "Mwalimu, hii haina harufu wala rangi," aliwaonya. "Ikijaa chumbani unaanguka bila kujua." Onyo hilo libaki kwa yeyote atakayerudia: gesi hii haichezewi ndani, na mtungi haushikwi na mwanafunzi.

Chupa tatu ziliwekwa juani. Chupa ya agoni iliongoza ile ya hewa ya kawaida kwa nyuzi 1 na nusu. Sawasawa na hewa ukaa, kwa kadiri vipimajoto vile vingeweza kutofautisha. Wakajaribu tena, safari hii midomo ya chupa zote ikiwa imefunikwa kwa nailoni nyembamba na kukazwa kwa rababendi. Tofauti kati ya zote tatu ikazama ndani ya makosa ya kipimajoto.

Zilikuwa zimebaki siku tisa.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa wa kubaki na matokeo ya agoni au kuyanyamazia. Mkuu wa shule alishauri jaribio lipelekwe kama lilivyo kitabuni: hitimisho lake ni kweli, hewa ukaa *inapasha* dunia joto, na wageni wanalipenda. Mwalimu alikataa kwa heshima. Alieleza kwamba mwanafunzi aliyejifunza jambo la kweli kwa ushahidi wa uongo atalitupa siku atakapokutana na mtu anayejua agoni. Wapo watu wanaotumia udhaifu wa chupa hizi kudai kwamba sayansi yote ya tabianchi ni ya kubuni. Hoja hii ilimgusa mkuu wa shule, akaruhusu.

Uamuzi wa pili: waonyeshe nini badala yake? Walifikiria kupiga picha hewa ukaa ikizuia joto la mshumaa kwa kamera ya infraredi, ile inayoona mionzi ya joto. Jaribio hilo ni la kweli na zuri, lakini linahitaji kamera inayoona mawimbi ya mikromita 4.3 (mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita), na kamera hiyo ni ghali mno kwa shule. Wakachagua kupima mionzi ya joto inayoshuka kutoka angani.

Hapa walipoteza siku mbili. Waliazima zahanati "bunduki" ya kupimia homa, ile iliyozoeleka tangu 2020, wakailenga juu. Ikaandika "Lo" tu. Bunduki hizo zimewekewa mipaka ya joto la mwili, takriban nyuzi 32 hadi 43. Inayofaa ni ya mafundi wa friji na viyoyozi, inayosoma kuanzia nyuzi 50 chini ya sifuri. Fundi friji mmoja aliwaazima yake.

Uamuzi wa tatu, mdogo lakini wa maana, ulikuwa kufuta tundu la ozoni kwenye bango. Wanafunzi walikuwa wamechora jua likipenya kwenye tundu na kuchoma dunia. Kupungua kwa ozoni huongeza miale ya urujuanimno inayounguza ngozi. Ongezeko la joto duniani ni suala jingine.

Matokeo

Meza ya klabu ilikuwa na sehemu mbili. Upande wa kushoto chupa tatu, zikiwa na maandishi makubwa: "Agoni si gesijoto. Kwa nini nayo imepata joto?" Upande wa kulia jedwali la vipimo vya anga. Bunduki ya fundi friji ikielekezwa wima mchana mkavu usio na wingu, mbali na jua, ilisoma chini ya sifuri kwa zaidi ya nyuzi 10. Wingu zito la chini lilipopita, ilipanda hadi kati ya nyuzi 5 na 10 juu ya sifuri. Waliweka pia matokeo ya usiku: mabati mawili yaliyopakwa rangi nyeusi, kila moja juu ya kipande cha godoro la sponji, moja uwanjani na jingine chini ya turubai lililotandazwa mita mbili juu yake. Kabla ya alfajiri lile la uwanjani lilikuwa baridi kuliko hewa iliyolizunguka na lilikuwa limeloa umande, lile la chini ya turubai lilikuwa kavu.

Wageni wengi walilielewa hili bila maelezo marefu. Kila aliyewahi kulaza gari uwanjani anajua kwamba asubuhi paa lake limeloa, na lililolazwa chini ya mwembe halijaloa.

Klabu haikupata nafasi ya kwanza. Waamuzi walitumia muda mrefu kwenye meza hiyo, na mmoja wao alirudi mara ya pili kuuliza agoni ilikopatikana.

Uchambuzi: chupa ilikuwa inapima nini

Chupa iliyo wazi juu ikipigwa na jua, hewa ya ndani hupata joto, huwa nyepesi, hupanda na kutoka, na hewa baridi ya nje hushuka kuchukua nafasi yake. Upepo wa kipupwe huongeza mwendo huo. Hewa ukaa haiwezi kutoka kwa njia hiyo. Ili iwe nyepesi kama hewa ya nyuzi 25 ingelazimika kupashwa hadi nyuzi 180 hivi. Kwa hiyo inakaa chini ya chupa kama maji kwenye bakuli, na joto linakaa nayo. Agoni hufanya vivyo hivyo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani, walionyesha jambo hili mwaka 2010 katika jarida la American Journal of Physics, wakitumia agoni hiyohiyo. Mwalimu alifika palepale bila kujua, na hilo ni sifa yake.

Jina lenyewe linapotosha. Wazungu waliita athari hii kwa jina la kitalu nyumba, kile cha kuoteshea nyanya na hoho. Mkulima wa kitalu anajua joto lake linatunzwa na nini: akifungua pazia za pembeni, joto linatoka na upepo. Mwaka 1909 mwanafizikia Robert Wood alitengeneza visanduku viwili, kimoja kikiwa na kioo na kingine na bamba la chumvi mwamba, ambayo hupitisha mionzi ya joto. Vilipata joto karibu sawa. Kuzuia hewa isitoke kulitosha.

Plastiki ya chupa nayo inaharibu. Kama kioo, hupitisha mwanga wa jua lakini humeza sehemu kubwa ya mionzi ya joto. Ukuta wa chupa umeshafanya kazi ambayo gesi ilitakiwa kuonyesha, kwa hiyo gesi ya ndani haina cha kuongeza. Kasoro hii ni ya zamani. Eunice Foote, Mmarekani, alipoweka hewa ukaa juani ndani ya mitungi ya kioo mwaka 1856, aliona inapata joto zaidi na kuchelewa kupoa, akaandika kwamba anga la gesi hiyo lingeipa dunia joto kubwa. Aliona mbali. Lakini kioo kilimzuia kutenganisha mwanga wa jua na mionzi inayotoka kwenye vitu vyenye joto. John Tyndall, London, mwaka 1859, alitumia mrija wenye madirisha ya chumvi mwamba ndipo akapima jinsi mvuke wa maji na hewa ukaa vinavyoimeza mionzi hiyo, na jinsi oksijeni na naitrojeni visivyoigusa.

Kubwa kuliko yote, chupa haina kimo. Mwanga wa jua una kilele karibu na mikromita 0.5, ardhi yenye nyuzi 27 hutoa mionzi yenye kilele karibu na mikromita 10. Hewa ukaa humeza kwa nguvu karibu na mikromita 15 na kuitoa tena pande zote, juu na chini. Tabaka la juu yake linaimeza tena, na kadhalika, mpaka kimo ambacho gesi imekuwa haba kiasi kwamba mionzi inaponyoka kwenda anga za mbali. Kule juu ni baridi, na kitu baridi hutoa mionzi kidogo. Ukiongeza hewa ukaa, kimo cha kuponyokea kinapanda, mahali penye baridi zaidi, na joto linalotoka duniani linapungua wakati linaloingia ni lilelile. Kilichobaki kinapasha ardhi, bahari na hewa mpaka mizani irudi sawa.

Hesabu yake si ngumu. Dunia ikitazamwa kutoka nje hutoa mionzi kama kitu chenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Uso wake una wastani wa nyuzi 15 hivi juu ya sifuri. Tofauti ni nyuzi 33. Hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi 6.5 kila kilomita unayopanda, kwa hiyo kimo cha wastani cha kuponyokea ni kama kilomita 5. Aliyefika kilele cha Kibo, mita 5,895, amekipita. Huo ni wastani wa mawimbi yote. Kwenye mikromita 15, mawimbi ya hewa ukaa yenyewe, kimo ni cha juu zaidi. Mji wa Moshi ulio chini na kilele cha Kibo kilicho juu yake vinaonyesha kwa Mtanzania yeyote kitu ambacho chupa ya sentimita 30 haiwezi: kwamba hewa ya juu ni baridi. Bila tofauti hiyo hakuna athari ya gesijoto hata kama chupa imejaa hewa ukaa tupu.

Jambo jingine lililosaidia wanafunzi lilikuwa kuona *kiasi*. Hewa ukaa yote ya angani ikikusanywa ikiwa safi chini kwenye usawa wa bahari, ingekuwa tabaka la mita 3 na nusu hivi. Kabla ya viwanda ilikuwa sehemu 280 katika milioni, tabaka la mita 2.3. Mwanasayansi Charles Keeling alipoanza kuipima kwenye mlima Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958 alikuta karibu 315. Sasa imevuka 420. Wanafunzi walichora mistari hiyo kwa chaki kwenye ukuta wa darasa, na ule wa juu ukapita kimo cha mlango.

Kilichofanya kazi, na kilichobaki na kasoro

Ndoo ya maji ilikuwa na faida kuliko kifaa chochote cha kununua. Vipimajoto vya shule vitumbukizwe pamoja kwenye maji kabla ya jaribio lolote la kulinganisha, tofauti iandikwe na kutolewa kwenye kila usomaji. Kufunika balbu ya kipimajoto kwa kikofia cha foili nako ni lazima, la sivyo kinapima jua linalokigonga chenyewe. Klabu ilikumbuka hili kwenye marudio ya mwisho tu, na vipimo vya mwanzo ilibidi vitupwe.

Maputo yalivuja. Agoni iliyojazwa asubuhi ilikuwa imepungua na kuchanganyika na hewa kufikia saa nane mchana. Ijazwe na kutumika ndani ya saa moja. Njiti ya kiberiti haisaidii kutofautisha, kwa kuwa huzimika kwenye gesi zote mbili. Maji ya chokaa husaidia: hewa ukaa huyageuza kama maziwa, agoni huyaacha maangavu, ya kuonekana ng'ambo.

Kasoro iliyobaki ilikuwa kwenye kipimo cha anga, na klabu iliiandika kwenye bango. Bunduki ya fundi husoma mawimbi ya mikromita 8 hadi 14. Watengenezaji wamechagua dirisha hilo kwa makusudi, ili hewa iliyo kati ya fundi na friji isivuruge usomaji. Bendi kuu ya hewa ukaa iko pembeni yake. Walichokipima kilikuwa hasa mvuke wa maji na mawingu, ambavyo ni sehemu ya kweli ya athari ya gesijoto na ndivyo vinavyofanya usiku wa mawingu uwe na vuguvugu. Lakini kupanda na kushuka kwa namba ile hakukuonyesha hewa ukaa. Mwanafunzi aliyesimama mezani alipewa sentensi moja ya kumwambia kila mgeni kabla hajashika bunduki: "Hapa tunaona anga linarudisha joto chini, hewa ukaa inafanya hivyohivyo kwa mawimbi ambayo kifaa hiki hakiyaoni."